GTX 1060, RTX 3060 na RTX 4060: uzoefu wangu na vipimo vya kadi za grafiki

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mteja analeta ramani, nami namwonyesha kwenye Blender, programu ya michoro ya 3D, sebule yake, paa lake na kivuli cha mwembe uani. Kwa kazi hiyo nimetumia kadi ya grafiki ya Nvidia, GTX 1060 ya gigabaiti 6, miaka mingi, kisha nikahamia RTX 3060 ya gigabaiti 12. RTX 4060 nimeifanyia kazi vya kutosha kwenye mashine ya mwenzangu tunayechangia ofisi. Niseme mapema: kwa kazi yangu 3060 inazishinda zote mbili, pamoja na kwamba 4060 ndiyo mpya zaidi.

Tuanze na mkongwe. GTX 1060 ilitoka Julai 2016 ikiwa na viini 1,280 (vijisehemu vya chipu vinavyofanya hesabu), kumbukumbu ya GDDR5, njia ya kumbukumbu yenye upana wa biti 192, na ulaji wa umeme wa wati 120. Ni kadi iliyotengenezwa kwa akili. Haikuwahi kunisumbua kwa joto, na kwa gemu za kawaida kwenye skrini ya 1080p bado inajitahidi. Lakini haina viini vya kufuatilia miale ya mwanga, wala vile vya hesabu za akili mnemba. Kurenda, yaani kuugeuza mchoro kuwa picha kamili, picha moja ya sebule yenye vioo na taa nyingi ilikuwa kazi ya kuiacha usiku kucha.

RTX 3060 ilikuja Februari 2021: viini 3,584, GDDR6, njia ileile ya biti 192, kasi ya kumbukumbu gigabaiti 360 kwa sekunde badala ya 192 za mkongwe, na wati 170. Ukiangalia viini tu utasema imezidi karibu mara tatu. Kwenye Blender nilipowasha OptiX, njia ya kurenda inayotumia viini vya miale, tofauti niliyoiona ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Picha iliyokuwa ikila usiku mzima nikawa naimaliza mteja akiwa bado anakunywa chai.

Hapa ndipo watu wengi wanapotezwa na namba. GTX 1080 Ti ya mwaka 2017 nayo ina viini 3,584, sawasawa na 3060. Kasi yake ya kumbukumbu ni kubwa zaidi, gigabaiti 484 kwa sekunde, ila inakula wati 250. Kwenye gemu zisizotumia miale ya mwanga kadi hizi mbili zinakaribiana. Kwenye Blender hazikaribiani hata kidogo, kwa sababu 3060 ina viini maalumu vya miale na 1080 Ti haina. Kuhesabu viini vya vizazi tofauti ni kama kuhesabu mafundi kwenye saiti bila kuuliza nani anajenga, nani anapiga plasta na nani ana mashine ya kuchanganyia zege.

Sasa 4060, ya Juni 2023. Ukiiweka kando ya 3060 utashangaa: viini vimepungua hadi 3,072, njia ya kumbukumbu imepungua hadi biti 128, kasi imeshuka hadi gigabaiti 272 kwa sekunde, na kumbukumbu ni gigabaiti 8. Hata hivyo kwenye gemu nyingi inaishinda 3060. Masafa ya chipu yamepanda sana, kutoka takriban megahezi 1,777 hadi 2,460, na ndani ya chipu wameweka hifadhi ya haraka ya megabaiti 24, hivyo kadi haiendi kwenye kumbukumbu ya nje kila mara. Haya yote inayafanya kwa wati 115 tu, chini hata ya ile 1060. Nikiwa mtu ninayenunua LUKU mwenyewe, hilo naliheshimu. Kwa picha ndogondogo inarenda haraka kuliko yangu, na kwenye video inaandika AV1, muundo mpya wa kubana video, jambo ambalo 3060 hailiwezi; hiyo 3060 inaisoma tu.

Tatizo langu nayo ni gigabaiti 8. Bustani yenye minazi, majani mengi, ukuta wa mawe na picha za rangi zenye ubora mkubwa hujaza kumbukumbu upesi. Ikishajaa, Blender huanza kuazima kumbukumbu ya kompyuta na kasi inaporomoka, au inagoma kabisa. Mandhari ileile kwenye 3060 inaingia na nafasi inabaki. Hakuna hifadhi ya haraka inayoweza kuficha upungufu huo.

Kuna kipimo kingine ambacho muuzaji hakuambii: njia za kuunganisha kadi na ubao mama. 3060 inatumia njia 16 za PCIe, mfumo wa kupitisha data kati ya kadi na ubao mama. 4060 inatumia 8 tu. Kwenye ubao mpya wa PCIe 4.0 huoni shida. Lakini wengi wetu tunatumia kompyuta za ofisi zilizotumika, zinazoletwa kutoka Ulaya na Dubai, na nyingi ni za PCIe 3.0. Humo njia 8 hubeba takriban gigabaiti 8 kwa sekunde, nusu ya inachopata 3060. Kumbukumbu ikitosha hutajali, ila ikijaa utaumia mara mbili. Na kompyuta hizo hizo mara nyingi zina pawa saplai ndogo isiyo na waya wa ziada wa kadi. Fungua kasha uangalie kabla hujatoa hela.

Kuhusu ahadi za matangazo, mfano mzuri ni wa Januari 2025 huko Las Vegas, Jensen Huang, mkuu wa Nvidia, aliposema RTX 5070 ya dola 549 inatoa uwezo wa RTX 4090, kadi kubwa ya kizazi kilichotangulia. Hesabu hiyo ilisimama juu ya DLSS 4, teknolojia ya Nvidia ya akili mnemba kwa gemu, ambapo kadi inaweza kubuni fremu hadi tatu kwa kila moja iliyochorwa kweli. Anayecheza gemu anaweza kufurahia. Mimi ninayerenda picha ya nyumba sipati chochote humo.

Kwa anayenunua iliyotumika: kuna 1060 ya gigabaiti 3 ambayo viini vyake ni 1,152, na kuna 3060 ya gigabaiti 8 yenye njia ya biti 128. Majina ni yaleyale, kadi si zilezile. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, mfungue GPU-Z, programu inayoonyesha vipimo vya kadi, msome pamoja. Jua pia kwamba Nvidia ilifunga draiva za kawaida za gemu kwa kizazi cha 1060 Oktoba 2025; kilichobaki ni marekebisho ya usalama. Kwa mwanafunzi mwenye bajeti finyu anayejifunza Blender bado nitamwambia ajikusanye afikie 3060 ya 12.

Mimi nitakapobadilisha, naitazama RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16. Nayo ina njia 8, kwa hiyo ubao mama utatangulia.