Squoosh: kubana picha za duka bila kuharibu jina la kanga

Kanga ina pindo, mji na jina. Ukitaka kujua kama programu ya kubana picha inafaa kwa duka la mtandaoni, usiangalie mji, angalia jina. Herufi nyekundu za "WEMA HAUOZI" juu ya kitambaa cheupe ndizo huharibika kwanza: kingo zinatapakaa, wekundu unavuja, na mteja anaanza kudhani hata kanga yenyewe imechapwa vibaya. Squoosh, programu ya kubana picha inayofunguka ndani ya kivinjari, inakuonyesha uharibifu huo kabla hujaihifadhi picha, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipendekeza.

Ilitoka Novemba 2018, kazi ya timu ya Chrome ya Google, na inapatikana squoosh.app. Haina malipo wala usajili, na msimbo wake uko wazi. Picha inabanwa ndani ya kivinjari chako, haipandishwi kwenye seva ya mtu yeyote. Kwa anayenunua bando hili si jambo dogo: picha 20 za MB 4 kila moja zingekula MB 80 kwa kupanda tu, kabla ya kushusha matokeo. Ukishaifungua mara moja, inaendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika.

Ukiingiza picha, skrini inagawanyika: asili upande mmoja, iliyobanwa upande wa pili, na katikati mstari wa kuburuta. Anza na Resize (kubadilisha vipimo), si na ubora. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000, na ukurasa wa bidhaa hauhitaji zote hizo. Andika upana 1200, kimo kitajiweka 900 chenyewe, na njia ya Lanczos3 (namna ya kukokotoa pikseli mpya) iache ilivyo. Hapo umetoka pikseli milioni 12 hadi milioni 1 na kidogo, bila kugusa ubora. Wengi hufanya kinyume: wanashusha ubora hadi 30 na kuacha upana wa 4000, wanabaki na picha nzito na mbaya kwa pamoja.

Kisha chagua WebP, fomati ya picha nyepesi za mtandaoni, ubora 75. Kuza hadi 200% juu ya jina la kanga na uburute mstari huku na huku. WebP ya kawaida huhifadhi taarifa moja ya rangi kwa kila pikseli nne, ndiyo maana herufi nyekundu zinalegea hata ubora ukipanda. Dawa iko ndani ya Advanced settings: washa Sharp RGB→YUV. Faili litaongezeka kidogo, herufi zitasimama. Zikikataa, hamia AVIF, fomati mpya zaidi, na uzime upunguzaji wa rangi. AVIF inaruhusu, WebP hairuhusu. Ila AVIF ni nzito kuitengeneza, kompyuta dhaifu itakuchosha kwa kusubiri. Google huorodhesha AVIF katika utafutaji tangu 2024, kwa hiyo hofu ya zamani kwamba picha za AVIF hazitaonekana huko haina msingi tena. JPEG XL nayo ipo kwenye menyu lakini achana nayo kwa duka, haimo katika orodha ya fomati zinazotambuliwa na Google. Na usiipeleke picha ya kamera OxiPNG, kibanaji cha faili za PNG. Hiyo ni ya nembo na michoro, picha ya kamera itatoka nene kuliko ya WebP.

Kasoro zipo. Inachukua picha moja moja. Picha ya iPhone ya HEIC (fomati ya kawaida ya kamera yake) haifunguki ukitumia Chrome. Badilisha mipangilio ya kamera ya simu iwe Most Compatible kabla ya kupiga. Pia inafuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha. Kwa muuzaji anayepigia picha nyumbani hiyo ni heri, kwani mahali alipo panafutika pia. Kwa mpiga picha anayeuza leseni ni hasara: maelezo ya IPTC (taarifa za mwenye picha na leseni ndani ya faili) yanayoifanya Google ionyeshe alama ya leseni yanapotea, na itabidi uyaandike upya kwenye data ya ukurasa.

Usiilaumu Squoosh kwa picha iliyofika kupitia WhatsApp kama picha ya kawaida. Hiyo ilishabanwa mara moja, na madoa yake hayaondoki. Mwambie mpiga picha aitume kama dokumenti.

Squoosh inapunguza uzito tu. Faili likiingia kama IMG_4471.jpg, linatoka IMG_4471.webp, na jina hilo haliiambii injini ya utafutaji chochote. Libadilishe kabla ya kupandisha, maneno yaunganishwe kwa vistari, si kwa mistari ya chini. Kwenye ukurasa liwe hivi:

<img src="kanga-nyekundu-pindo-la-korosho.webp" alt="Kanga nyekundu na nyeupe yenye pindo la korosho na jina Wema hauozi" width="1200" height="900">

Upana na kimo vikikosekana, maandishi yanaruka picha inapofika, na Google inalipima ruko hilo. Maelezo ya alt (maandishi yanayosimama badala ya picha) yaseme kinachoonekana, kwa lugha anayotafutia mteja wako. "Kanga kanga bei rahisi kanga Dar" si maelezo, ni makelele, na asiyeona anayesomewa ukurasa na simu yake ndiye anayeteseka. Picha kubwa ya juu usiiwekee loading="lazy" (amri ya kusubiri kupakia picha hadi msomaji aikaribie): Google inataka kitu kikubwa kinachoonekana kwanza kitokee ndani ya sekunde 2.5, na amri hiyo inakichelewesha. Picha za chini ndizo ziwekewe. Bidhaa iliyowekwa kama mandhari ya CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) haitaonekana kabisa kwenye Google Images.

Kwa duka lenye bidhaa 30, Squoosh inatosha na inazidi huduma nyingi za kulipia, kwa sababu kila picha unaiamulia kwa jicho. Kwa bidhaa 300 itakumaliza. Toleo lake la mstari wa amri, linaloendeshwa kwa kuandika maagizo, liliachwa na watengenezaji, kwa hiyo tumia cwebp, programu ya aina hiyo ya kutengeneza WebP:

cwebp -q 75 -resize 1200 0 -sharp_yuv kanga.jpg -o kanga.webp

Sifuri hiyo inaiachia programu ikokotoe kimo. Ongeza -metadata all kama unahitaji kubaki na maelezo ya leseni. Tafuta kwanza ubora unaofaa kwa picha tatu nne ndani ya Squoosh, uchague zenye majina marefu na rangi kali, halafu namba hiyo ndiyo uitumie kwa zilizobaki. Na kama tovuti ina picha za zamani zinazoleta wateja kutoka Google, anwani za .jpg zielekezwe kwenye mpya kwa 301 (uelekezaji wa kudumu) kabla ya kuzifuta.