Uzoefu wangu: kupimwa kuyumba kwenye ubao

Nina ataksia, yaani mwili kukosa uratibu wa mwendo, inayotokana na serebela, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni inayoratibu mwendo na kuuweka mwili sawa. Nguvu za miguu ninazo, ila nikisimama nayumba. Kwa miaka mingi kipimo changu kilikuwa jicho la daktari: "Mama, leo naona una nafuu." Nafuu ya kiasi gani? Hakuna aliyeweza kunijibu. Ndiyo maana nataka wenzangu waujue ubao huu.

Kliniki ninayokwenda sasa wanatumia ubao wa kusimamia wa mchezo wa video wa Wii wa kampuni ya Nintendo, uliotoka Japani mwaka 2007. Kila pembe ina kitambuzi cha uzito, na kompyuta inachora pale uzito wako unapoelemea, kila mara unapohama. Mwaka 2010 watafiti waliulinganisha na bamba la maabara la kupimia kuyumba, wakaona majibu yanakaribiana. Waliopimwa walikuwa vijana wenye afya, kwa hiyo kwetu sisi usichukuliwe kama msahafu.

Unavua viatu. Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole, anatandika karatasi aliyochora nyayo zangu kwa kalamu ili nisimame palepale pa siku zote. Sekunde 30 natazama alama ukutani, kisha anasema, "Haya mama, fumba macho," sekunde 30 nyingine. Mikono yake iko karibu na mbavu zangu bila kunigusa. Kama hakuna mtu wa kukudaka, usikubali kufumba macho.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa kama uzi uliofumuka. Kilichonifungua akili ni kwamba hata macho yakiwa wazi nilikuwa nayumba sana. Dada akanieleza kuwa mtu ambaye nyayo zake zimepoteza hisia husimama vizuri kiasi akiona, ila akifumba macho huanguka. Ndilo jambo alilolieleza Romberg, daktari wa Ujerumani, karne ya 19. Kwa serebela macho husaidia, lakini hayatoshi. Basi mazoezi yangu yakabadilishwa: kuhamisha uzito taratibu, kugeuka, kuinuka kitini.

Kuna mahali nilipimwa kabla ya hapo, sitapataja. Mara moja nilipimwa na viatu, mara nyingine bila viatu; mara miguu imebanwa, mara imetanuliwa. Kisha namba zile zikalinganishwa, nikaambiwa nimeendelea vizuri. Iliniuma sana nilipoelewa kwamba furaha ile haikuwa na msingi.

Halafu, mstari mfupi kwenye mchoro si lazima uwe habari njema. Mwenye hofu ya kuanguka hujikaza akawa mgumu, na ubao utaonyesha anayumba kidogo. Tena ubao hausikii ulimi unavyokuwa mzito wala hauoni ninavyopepesuka nikikata kona ya korido. Kwa hayo daktari bado ananipima kwa SARA, kipimo cha vipengele 8 chenye alama 0 hadi 40, ambapo alama zikiwa nyingi hali ni mbaya zaidi.

Ukienda, omba nakala ya mchoro, na iandikwe miguu ilikaaje, macho yalikuwaje na umepimwa saa ngapi, maana uchovu wa jioni unabadilisha kila kitu. Na kama huwezi kusimama nusu dakika bila kushika kitu, waombe wakupime ukiwa umekaa.