Consul kwenye mfumo wetu wa tiketi: uzoefu wangu tangu 2022

Nawaandikia kuhusu Consul, programu inayotunza daftari la huduma zako na mahali zilipo. Nawalenga wenzangu wanaoendesha programu nyingi ndogo kwenye seva tofauti, na ambao bado wanaandika anwani za IP kwa mkono ndani ya mafaili ya mipangilio. Mimi nilikuwa huko mpaka Desemba 2021.

Tunauza tiketi za mabasi ya mikoani hapa Dar es Salaam. Mfumo una huduma saba, kuna ya viti, ya malipo, ya ratiba, ya ujumbe mfupi na kadhalika, na zimegawanywa kwenye seva sita. Desemba ndiyo msimu wetu mkubwa, watu wa Kilimanjaro wanarudi kwao kula sikukuu. Wiki hiyohiyo diski ya seva ya malipo ikajaa, tukaihamisha huduma usiku kwenda seva mpya. Anwani ya zamani ilikuwa kwenye mafaili 11. Nilibadilisha 10. Lililobaki lilikuwa la huduma ya viti.

Asubuhi wakala wetu wa stendi ya Magufuli, Mbezi, akapiga simu. Mama mmoja yuko mbele yake na watoto watatu, amelipa kwa simu, ujumbe wa muamala anauonyesha, lakini viti vyake vilibaki wazi kwenye skrini na abiria mwingine ameshavikata. Basi linaondoka baada ya dakika ishirini. Tulimtafutia basi lingine, lakini kosa lile lilinikaa moyoni. Januari nikaanza kuijaribu Consul.

Consul ilitolewa na HashiCorp mwaka 2014. Ni programu ya faili moja, unaipakua na kuiweka kwenye kila mashine, inakaa pale kama ajenti. Ajenti huyo anaandikisha huduma zilizo kwenye mashine yake na kuzikagua kama ni nzima. Mashine tatu kati ya zote unazipa kazi ya kutunza daftari kuu la huduma, nazo zinachagua kiongozi zenyewe. Kupashana habari za nani yuko hai na nani kaanguka kunafanywa kwa njia ambayo wahandisi wameiita umbea, na kwa kweli ndivyo ilivyo: kila mashine inamnong'oneza jirani, na baada ya muda mfupi mtaa mzima una habari.

Kilichoniteka ni DNS, yaani mfumo wa kugeuza jina kuwa anwani ya IP. Huduma ya viti siku hizi haijui IP ya malipo. Inauliza jina tu, malipo.service.consul, na inajibiwa anwani za nakala za huduma hiyo zilizo nzima peke yake. Consul inajibu DNS kwenye poti 8600, kwa hiyo kila seva tuliongeza mstari mmoja kwenye dnsmasq, programu ndogo inayopokea maswali ya DNS, server=/consul/127.0.0.1#8600, basi. Programu za zamani zilizoandikwa na watu walioshaondoka hatukuzigusa ndani, tuliweka jina badala ya IP kwenye mipangilio zikaendelea na kazi. Kwa timu ya watu watatu kama yetu hilo ni jambo kubwa sana.

Sasa sehemu inayohitaji akili ni ukaguzi wa afya, na hapa naomba usipite haraka. Ukaguzi wangu wa kwanza ulikuwa wa kugonga poti tu. Siku moja huduma ya ratiba ilipoteza muunganisho na hifadhidata, lakini poti ilikuwa wazi, kwa hiyo Consul iliionyesha kijani huku wateja wanapata kurasa tupu. Consul haikukosea, iliniambia kile nilichoiuliza. Nikatengeneza njia ya /afya ndani ya kila huduma, inauliza hifadhidata swali dogo, na ajenti anaigonga kila sekunde 10. Jibu la HTTP likiwa na namba 200 ni mzima, 429 ni onyo, 500 ni mgonjwa.

Nikadhani nimemaliza. Hifadhidata ilipozidiwa Ijumaa moja jioni, nakala zote za huduma zilishindwa ukaguzi kwa mpigo, zikatolewa zote kwenye majibu ya DNS, na jina likawa halirudishi anwani hata moja. Mfumo uliokuwa unajikongoja ukasimama kabisa. Tangu hapo huduma haihesabiwi mgonjwa mpaka ishindwe mara tatu mfululizo, na ukaguzi unaulizia kile ambacho nakala hiyo peke yake inaweza kuwa nacho kibovu.

Mtego mwingine ni programu zinazoshikilia muunganisho. Consul inatoa majibu ya DNS yasiyotunzwa hata sekunde moja, lakini huduma yetu ya ujumbe mfupi ilikuwa inafungua muunganisho asubuhi na kukaa nao kutwa. Anwani ikibadilika mchana, yenyewe haina habari. Ilibidi tuipe kikomo cha dakika tano kwa kila muunganisho.

Kosa langu kubwa lilikuwa Machi 2023. Nilikuwa nasasisha mifumo endeshi, nikaziwasha upya mashine mbili kati ya zile tatu za daftari kwa wakati mmoja. Kwenye tatu lazima mbili ziwe hai ndipo kiongozi apatikane. Nikaona ujumbe kwamba klasta, yaani kundi lile la mashine, haina kiongozi, mikono ikanitetemeka. Lakini tiketi ziliendelea kuuzwa! Mashine moja iliyobaki iliendelea kujibu DNS kwa habari za mwisho ilizokuwa nazo, maana ndivyo Consul ilivyopangwa tangu inapotoka kiwandani. Hakuna jipya lililoweza kuandikwa, ila majina yalijibiwa. Mbili ziliporudi, kiongozi akachaguliwa bila mimi kugusa kitu. Siku hizi naziwasha moja moja, na kila usiku nachukua nakala ya daftari.

Ndani ya Consul ulinzi wa trafiki kati ya huduma kwa vyeti na proksi za Envoy, yaani programu za kati zinazopitisha mawasiliano, upo pia, ulianza 2018. Niliujaribu wiki mbili nikauzima. Kila huduma kupata proksi yake ni mzigo wa kumbukumbu na wa kichwa, na kwa huduma saba sikuona faida yake. Benki ingeamua tofauti.

Kuhusu leseni, tangu Agosti 2023 matoleo mapya ya Consul hayako tena kwenye leseni huria ya MPL bali BUSL, leseni yenye masharti ya kibiashara. Sisi tunaoitumia ndani kwa kazi zetu hatulipi, wanaozuiwa ni wanaotaka kuiuza kwa kushindana na wenye mali. Linaniuma kidogo, kwa sababu niliipenda ikiwa huria.

Kama programu zako zote ziko ndani ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu zilizofungwa kwenye kontena, acha, kule DNS ya huduma imo tayari. Consul inafaa kwa mchanganyiko kama wetu, seva za kukodi, mashine moja ya zamani ofisini, na kontena chache. Na ukiiweka, washa vibali vya kuingilia na ufunguo wa kusimba ule umbea siku ya kwanza, kwa sababu vyote viwili huja vimezimwa. Mimi niliviweka baada ya miezi minane, huduma zikiwa zinaendelea kuuza tiketi, na ilinichukua mikesha mitatu.