Unataka kutotolesha mayai ya samaki nyumbani Kigoma? Anza na wa kombe la konokono, papa awe wa mwisho

Kijana mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, alinionyesha kwenye simu yake yai la papa likimulikwa kwa tochi, kitoto kikichezesha mkia ndani. Akaniuliza atalinunua wapi. Nilimwambia angojee kwanza, maana ziwa lililo mbele ya nyumba yake lina samaki wa kumfundisha kazi hiyo kwa gharama ndogo. Hivi ndivyo ninavyowapanga.

Wa kwanza: Lamprologus ocellatus. Huyu hukaa ndani ya makombe matupu ya konokono wa ziwani. Dume hafiki sana zaidi ya sentimita 6, jike ni mdogo zaidi. Tangi la lita 80 linatosha: mchanga laini sentimita 5, makombe mawili au matatu kwa kila samaki, chujio la sponji na pampu ya hewa. Jike hutaga ndani ya kombe, mayai huanguliwa baada ya siku tatu hivi, na wiki inayofuata utaona vichwa vidogo vikichungulia mlangoni. Hita huenda usiihitaji kwa joto letu la nyuzi 25 hadi 27. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya karibu 9. Wenzetu wa Ulaya huchanganya madini ili kuyaiga, wewe unayachota. Ukitumia ya bomba, yaache wazi usiku kucha klorini ipungue. Nunua dume mmoja na majike wawili, wenye macho maangavu, wanaokimbilia kombe unaposogeza mkono. Anayeelea pembeni bila kujificha mwache dukani.

Wa pili: Tropheus duboisi. Jike huatamia mayai mdomoni kwa wiki nne hivi, na watoto hutoka weusi wenye madoa meupe kama nyota. Wanapendeza mno, ila ni wagomvi: wanataka kundi la kumi na zaidi katika lita 300, na chakula cha mimea. Ukiwalisha nyama, tumbo huvimba na wanakufa.

Ukiuziwa jike mwenye mdomo uliojaa, uliza aliishi na nani. Ngogo mwenye madoadoa, Synodontis multipunctatus, hupenyeza mayai yake wakati samaki hawa wanataga. Jike huyaokota pamoja na yake, watoto wa ngogo huanguliwa mapema na kuwala wenye nyumba humo humo mdomoni. Unaweza kulipia Tropheus ukalea ngogo.

Wa tatu: Cyphotilapia wa mistari saba, yule ambaye wafugaji wa nje humwita kwa jina la mji wetu, Kigoma. Hufika sentimita 30. Kama huna nafasi ya tangi la lita 500, mpite.

Kwa wote hawa nunua kwa muuzaji mwenye kibali, na usivue mwenyewe kwenye maji ya hifadhi. Mahale, kwa mfano, inaingia ziwani kilomita 1.6.

Wa mwisho: yai la papa. Linataka maji ya bahari, nayo iko umbali wa kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli. Itabidi ununue chumvi maalumu ya akwariamu (ya jikoni haifai), kipimo cha chumvi, na betri ya kuendesha pampu umeme ukikatika. Tangi likae wiki kadhaa likijenga bakteria wa kusafisha maji kabla yai halijafika. Dawa yenye shaba isiliguse kamwe.

Papa wengi huzaa watoto hai badala ya kutaga, kwa hiyo yai utakaloletewa mara nyingi ni la papa mwanzi, Chiloscyllium punctatum: mfuko wa kahawia, bapa, wenye nyuzi za kunata. Mfuko wenye pembe nne ngumu ni wa jamii ya samaki taa. Kabla ya kulipa, omba limulikwe kwa nyuma likiwa ndani ya maji. Kiini peke yake hakikuhakikishii kitu, maana yai changa na yai bovu hufanana. Lipia lile ambalo umeona kitoto kikitikisika juu ya kiini. Likiwa na ukungu ndani au harufu, ondoka. Na usilitoe nje ya maji, hewa isije ikaingia.

Kwa nyuzi 25 huchukua takriban miezi minne. Liweke penye maji yanayopita taratibu, lisifunikwe na mchanga. Usikate ganda kwa haraka. Kitoto bado kinamaliza kiini chake na kitatoka chenyewe, kikiwa na urefu wa sentimita 15 hivi. Siku za kwanza huenda kisile. Baada ya hapo kitakula vipande vya kamba na ngisi, na kitaendelea kukua hadi kupita mita 1, ndiyo maana ninasisitiza tangi la lita zaidi ya 700 liwe limesimama kabla hujatuma pesa ya yai.