Kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi Dar es Salaam na mtoto mchanga

Kwa mzazi wa Moshi au Arusha anayesafiri peke yake na mtoto wa chini ya miaka 2, safari hii ya ndege, ambayo huchukua takriban saa moja, naipendekeza. Nilimpakata mwanangu, akafungwa mkanda mdogo uliounganishwa na wangu, na mhudumu akanikumbusha nimnyonyeshe wakati wa kupaa na kutua ili masikio yasimuume. Kasoro ya shirika nililotumia ilikuwa kwenye ngazi: kigari cha mtoto kilipokelewa chini, nami nikapanda na mtoto mgongoni, mkoba begani na tiketi mdomoni, huku mfanyakazi wao akinitazama tu. Choo nacho ni chembamba (hata mtu mzima hugeuka kwa shida), hivyo nepi ibadilishwe kabla abiria hawajaitwa.