Kupokezana au Kutuma kwa Pamoja: Ucheleweshaji wa Pakiti Katika Mitandao Isiyo na Waya

Katika mtandao wa kupokezana, kama ilivyo kwa redio ya mlinzi anayebonyeza kitufe ili aongee na kukiachia ili asikilize, pakiti, yaani vipande vidogo vya data, za pande zote mbili hugombea njia moja, ilhali mtandao wa pande mbili kwa pamoja huruhusu kifaa kutuma na kupokea kwa wakati mmoja katika masafa yale yale.

Tuchukue kielelezo sahili cha foleni, ambapo pakiti hufika na kuhudumiwa kwa nyakati za kubahatisha: njia hupitisha pakiti 1,000 kwa sekunde, na kila upande huleta 400. Wanaopokezana wana foleni moja inayopokea pakiti 800 kwa sekunde, hivyo kila pakiti huchukua wastani wa milisekunde 5. Wanaotuma kwa pamoja, kwa kuwa kila upande una foleni yake ya pakiti 400 kwa sekunde, huchukua 1.7 tu.

Hesabu hiyo, hata hivyo, hudhani kwamba kifaa hakisumbuliwi na mawimbi yake chenyewe, jambo gumu mno, kwa kuwa kifaa cha Wi-Fi huhitaji kuyapunguza kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya mawimbi) 110 hivi. Mabaki ya mawimbi hayo yakishusha uwezo wa kutuma kwa pamoja hadi pakiti 700 kwa sekunde, ucheleweshaji hufika milisekunde 3.3, nao bado ni nafuu kubwa. Lakini mzigo ukiwa pakiti 50 kwa kila upande, kupokezana huchukua 1.1 na kutuma kwa pamoja 1.5, na hapa ndipo wachambuzi wanaotazama kasi pekee hupotoka. Katika mfano huu, mimi ningechagua kutuma kwa pamoja pale tu mzigo unapozidi pakiti 300 kwa kila upande.