Tathmini ya huduma: wakili anayejitegemea wa kesi za kufilisika, Minnesota

Huduma ninayoitathmini ni ya wakili wa kesi za kufilisika za watu binafsi, mama mmoja ambaye ofisi yake, kaskazini mwa Minneapolis, ina yeye na karani wake tu. Mimi na mke wangu tulifungua kesi ya pamoja chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ambayo humfutia mdaiwa sehemu kubwa ya madeni bila kumfunga kwenye mpango wa malipo wa miaka 3 hadi 5 kama inavyofanya Sura ya 13. Madeni yetu yalikuwa bili za hospitali na kadi za mkopo. Jina la wakili silitaji, kwa kuwa ninayoyaeleza yatawafaa zaidi wenzetu wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani wanaosita kati ya kampuni kubwa yenye matangazo na ofisi ndogo isiyojulikana.

Wengi hudhani wakili wa namna hii hulipwa ili asimame mbele ya jaji, ilhali wadaiwa wengi wa Sura ya 7 hawamwoni jaji hata mara moja. Kazi yenyewe ni kuuliza maswali, na hapo ndipo mama huyu alipostahili ada yake. Alipofahamu kwamba tunatoka Kenya, aliacha fomu kando akauliza kama kuna shamba lililoandikwa kwa jina la mmoja wetu, kama tuna hisa katika Sacco, kama zamu yetu katika chama imeshafika, kama kuna salio kwenye M-Pesa, na kama katika mwaka uliopita tulimrudishia ndugu yeyote fedha alizotukopesha. Sheria inamtaka mdaiwa aorodheshe mali yake yote popote ilipo duniani, na kuificha kwa makusudi ni kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5. Ushauri unaozunguka kwenye sherehe zetu, kwamba mali ya nyumbani haihesabiki, ni wa hatari. Kuhusu ndugu, alitueleza bila kutuhubiria kwamba malipo aliyopewa jamaa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi yaweza kudaiwa kutoka kwake na msimamizi wa mali aliyeteuliwa kushughulikia kesi, hata kama kwetu kumlipa kaka kabla ya benki ni uungwana.

Shamba tulikuwa nalo, dogo. Minnesota humruhusu mdaiwa kuchagua kati ya kinga za mali (kanuni za mali ambayo mdaiwa anaruhusiwa kubaki nayo) za jimbo na zile za shirikisho, na wakili alichagua za shirikisho kwa sababu zina kifungu kinachoweza kukinga mali ya aina yoyote hadi kiwango fulani, likiwemo shamba la ng'ambo. Alitaka hati ya umiliki na makadirio ya bei kutoka kwa mthamini wa huko, jambo lililotuchosha, lakini msimamizi alipouliza habari za shamba hilo, jibu lilikuwa tayari mezani kwake.

Ukali wake kuhusu karatasi una historia. Alianza kazi hii kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2005, na anakumbuka jinsi watu walivyomiminika mahakamani kabla ya tarehe 17 Oktoba, siku sheria mpya ilipoanza kutumika. Tangu hapo pana kipimo cha kipato cha kuamua nani anafaa Sura ya 7, mafunzo ya lazima kabla ya kufungua kesi na mengine kabla ya kufutiwa madeni, na wakili anayetia saini huchukuliwa kuwa amechunguza ipasavyo yaliyoandikwa. Anasema wenzake waliokuwa wakizichanganya kesi hizi na talaka na ajali waliziacha. Yeye alibaki akifanya kesi hizi tu. Basi usishangae akikurudisha nyumbani kwa sababu hati moja ya mshahara kati ya zile za siku 60 za mwisho haipo.

Ada yake ni moja, inayojulikana mapema, na hulipwa yote kabla ya kesi kufunguliwa, ingawa hukubali mafungu. Inashangaza kumdai fedha kwanza mtu aliyefilisika, lakini sababu yake ni ya kisheria: ada ambayo haijalipwa siku ya kufungua kesi kwa kawaida ingegeuka deni kama mengine na kufutwa pamoja nayo. Gharama ya mahakama, dola 338, iko kando. Kesi ilipofunguliwa, wadai walilazimika kuacha kutupigia simu, na afueni hiyo pekee niliiona kubwa.

Katika mkutano wa wadai, ambapo msimamizi humhoji mdaiwa na ambao kwetu ulifanyika kwa video, alikuwepo yeye mwenyewe na si mbadala aliyesoma jalada letu asubuhi hiyo. Aliomba mapema mkalimani wa Kiswahili kwa ajili ya mke wangu, huduma inayotolewa bure kwa simu. Maswali yaliisha baada ya dakika chache, na hakuna mdai aliyejitokeza.

Udhaifu wa huduma hii ni simu. Siku za mikutano hapatikani, karani wake ni mwungwana lakini haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, na swali letu kuhusu mkataba wa kuendelea kulipia gari lilikaa bila jibu hadi tukaanza kuhofia tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba inayokaribia kunadiwa, anayehitaji majibu siku hiyo hiyo, atafute ofisi yenye watu zaidi. Tena mkataba wake hauhusishi shauri la pingamizi ambalo mdai anaweza kulifungua dhidi yako ili deni lisifutwe. Hilo hulipiwa kando, na kifungu chenyewe kiko ukurasa wa mwisho. Ninampa nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua ni ya simu.